Mtoto Aliyetambuliwa na Gitaa

Binti yangu alitajwa katika wimbo kabla hajajua kutembea.

Nilikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula, karibu na Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels. Mkono mmoja umeshika sombe, yaani kisamvu, iliyoganda mpaka vidole vinauma, mkono mwingine unasukuma kigari cha mtoto mbele na nyuma asije akaanza kulia. Juu ya friji ya samaki kuna spika ambayo haizimwi, hata mwenye duka akiwa kwenye simu. Wimbo ulikuwa umefika pale ambapo mwimbaji anamaliza kulilia mapenzi yake, magitaa yanashika kasi, na atalaku anaingia. Atalaku ni yule mpaza sauti wa bendi, kazi yake ni kuchangamsha watu na kutaja majina. Akataja mwenye duka la simu. Akataja mchungaji. Akataja mama mmoja wa Paris. Halafu akataja jina la baba wa mtoto wangu, pamoja na cheo: PDG wa Uccle, mkurugenzi mkuu. Na baada ya hapo, kwa sauti ya kubembeleza, akataja jina la binti yangu. Jina zima, tena kwa kurudia. Binti wa PDG, mtoto wa dhahabu.

Mtoto akainua kichwa kwenye kigari. Aliitika, maskini, vile anavyoitika akiitwa kula.

Mwenye duka akanyoosha shingo juu ya mizani. "Maman! Si njo huyu mutoto? Félicitations!" Akanitilia malimau mfukoni bila kuniuliza.

Bon. Kwa asiyejua desturi yetu, nieleze. Katika muziki wetu wa Kongo, mtu anamlipa mwanamuziki ili jina lake liingie ndani ya wimbo. Tunaita kutupa jiwe: jina linarushwa, linatua mbali. Muuza nguo anatupiwa jiwe, jenerali anatupiwa, mtu aliyefika Ulaya juzi na bado analala kwenye kochi la binamu yake naye anatupiwa. Hapa Brussels kuna watu ambao jirani wa mlango wa pili hajui wanaitwa nani, lakini jina lao linachezewa harusi Lubumbashi.

Kazi ya baba wa mtoto wangu ni kukata majani kwenye bustani za watu, kule Uccle, mtaa wa matajiri. Ni kazi safi, sina neno nayo. Anaingia kwa lango la nyuma na mashine yake, anatoka kwa lango la nyuma. Lakini katika wimbo Uccle nzima ni yake.

Mimi nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu. Hatukufunga ndoa, na hapa Ubelgiji, wazazi wasipofunga ndoa, baba anapaswa kwenda mwenyewe commune, yaani ofisi ya manispaa, mbele ya mtumishi wa serikali, aseme: huyu ni mtoto wangu. Asipokwenda, mahali pa baba panabaki wazi. Kila mara nikichukua miadi, yeye anapata sababu. Bosi amemwita. Gari limeharibika. Siku moja aliniambia mvua inanyesha. Mvua! Mkata majani, siku ya mvua, ana kazi gani?

Nilimpigia simu nikiwa bado mbele ya duka.

"Ulisha kusikia?" akasema. Furaha ilikuwa inamwagika kwenye simu. "Ulisikia vile banamuita?"

"Nimesikia. Commune itasikia lini?"

"Weye pia! Muntu anakupatia cadeau, weye unaleta mambo ya commune."

"Sikukuomba zawadi. Nilikuomba saini."

"Ile wimbo iko inapita mu Kin, mu Lubum, mu Paris. Commune iko inapita wapi?"

Nilikata simu. Kwa hilo alikuwa amenishinda: hakuna aliyewahi kucheza kwa ajili ya commune. Ndivyo nilivyofikiri siku ile.

Nilimsimulia baba yangu nikijua kwamba hatakasirika vya kutosha. Papa ni mtu wa santuri. Tulipofika kutoka Lubumbashi nikiwa mdogo, tulikuwa na masanduku machache na moja lilijaa santuri; koti langu la baridi lilinunuliwa hapa, kwa sababu hapakuwa na nafasi. Nimekua nikisikia somo moja: usisikilize mapenzi, mapenzi hayabadiliki, sikiliza majina.

Somo lenyewe liko hivi. Kwenye santuri za zamani kabisa waimbaji wetu wanaiga Kispanyola cha Cuba, maneno yaliyokuja na santuri za ng'ambo. Hawajui wanasema nini, lakini mdundo waliujua, kwa sababu uliondoka kwetu ndani ya meli za watumwa ukarudi umevaa suti. Wakati huo wanataja baa, timu za mpira, mwanamke mrembo wa mtaa. Kisha inakuja miaka ambayo jina ni moja tu, la rais, na kila bendi inalitaja kama watoto wanaosalimu mwalimu. Kisha wafanyabiashara wa almasi. Kisha wanajeshi. Kisha sisi, watu wa Ulaya, na vyeo vyetu vya kujipa wenyewe. Papa anasema ukitaka kujua mwaka fulani nani alikuwa na mali na nani alikuwa anaogopwa, acha gazeti, weka santuri usikilize mwisho wake.

Watoto waliozaliwa hapa wanaimba rap kwa Kifaransa na hawatupi majina tena. Wanatupa namba ya posta ya commune yao, kana kwamba wao ni barua.

"Hawa hawana muntu wa kutaja?" Papa aliniuliza siku moja.

"Wana mahali wanapolala, Papa. Na hata pale wamepanga."

Baba yake Papa alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba, na mgodini hakuwa na jina. Alikuwa na namba kwenye kipande cha chuma. Kwa hiyo naelewa kwa nini watu wetu wanataka kuitwa kwa sauti, na gitaa nyuma. Naelewa vizuri sana. Kuelewa hakujawahi kunipunguzia hasira.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, kengele ya nyumba ya Papa, ninakoishi na mtoto, ikalia. Alikuwa mama mukubwa wa baba wa mtoto, yaani dada mkubwa wa mama yake, ambaye hapa Brussels ndiye mkuu wa ukoo wao. Nyuma yake binamu wawili wamebeba gunia la mchele, kreti ya soda na kitenge kilichokunjwa juu ya sinia. Tangu nilipopata mimba, mwanamke huyu alikuwa hajawahi kupanda ngazi zetu. Sasa alinibusu mashavuni kama mtu aliyenizaa.

"Mama ya star!" akasema. "Tunaleta heshima."

Walikaa. Mama mukubwa akatoa simu, akaiweka katikati ya meza, akaupiga wimbo. Tuliusikiliza wote tangu mwanzo, kimya, kama injili. Jina la mtoto lilipofika binamu wakapiga vigelegele na mtoto akaogopa akalia. Papa alikuwa amefumba macho.

"Gitaa ya pili iko bien," akasema. Kisha akafumbua macho. "Lakini mama, na kule ku commune?"

"Papa, commune njo nini?" Mama mukubwa hakukasirika, alimhurumia. "Commune ni ya bazungu. Sisi, muntu akitaja mutoto mbele ya batu, alisha kumaliza. Nani atakataa sasa? Dunia yote imesikia. Kwetu kulikuwa commune gani? Nkambo yetu alitambuliwa na ngoma."

"Nkambo yenu hakuwa na mutuelle," Papa akasema. Nkambo ni babu; mutuelle ni bima ya matibabu, na kwa mtu wa umri wa Papa ni jambo zito kuliko siasa.

Nilishindwa kunyamaza. "Mama mukubwa, ule mwimbaji ametaja pia mchungaji na mwenye duka ya simu. Nabo ni baba ya mutoto?"

"Ona kinywa!" Akawageukia wale binamu wamshuhudie. "Njo juu ya ile kinywa hakukuoa."

Waliondoka wakiimba. Papa alikunja kitenge akakiweka kabatini bila kunitazama. Kilichonichoma ni kwamba hawakuwa wanadanganya. Kwa upande wao, jambo lilikuwa limekwisha. Waliniletea mchele kama watu waliotimiza wajibu, na tangu siku ile kila aliyekutana nami alinipongeza. Yaani kabla ya wimbo nilikuwa mama mwenye haki ya kudai, na baada ya wimbo nikawa mwanamke asiyeridhika.

Ninafanya kazi jikoni kwenye hospitali moja huko Woluwe, napanga sahani za wagonjwa: huyu bila chumvi, huyu bila sukari, huyu supu tu. Ninayesimama naye kwenye mstari ni mama wa Haiti, amenizidi miaka mingi, ananiita "binti yangu". Nilimsimulia nikitarajia angalau mtu mmoja Brussels nzima akasirike pamoja nami.

Alicheka mpaka akaacha kufunika supu. Kwao pia, akasema, bendi ikirekodi mbele ya watu mwimbaji anawataja waliomo ukumbini. Binamu yake aliwahi kutajwa Montréal. Alikuwa anasafisha ndege, mwimbaji akamwita daktari, na mpaka leo kuna watu kijijini kwao wanaompigia simu kuuliza dawa ya tumbo.

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema wanywe maji mengi."

Kisha akaacha kucheka. "Unajua, binti yangu, walipotupakia kwenye zile meli hakuna aliyeandika tunaitwa nani. Waliandika idadi. Sasa mtu wetu akishika kipaza sauti, unataka aanze na kitu gani? Anaanza na majina."

"Nataka aanze na commune," nikasema.

"Basi mwambie huyo mwenye kipaza sauti," akajibu, akasukuma sahani mbele.

Alisema hivyo kama utani. Mimi nilirudi nyumbani na utani huo na sikuutupa.

Miadi nyingine niliyokuwa nimeichukua ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, au kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, lundi, neuf heures. Jumamosi kabla yake kulikuwa na ubatizo wa mjukuu wa mama mukubwa. Nilialikwa, bila shaka: mama ya star. Mchana kweupe, ukumbi wa parokia, meza za karatasi nyeupe, samaki, samaki wa chumvi tunaoita makayabu, ugali tunaouita bukari, watoto wanateleza sakafuni kwa soksi. Bendi ilikuwa ya watu wa hapa hapa. Atalaku wao, siku za kazi, ni dereva wa basi. Ukipanda basi lake hasemi hata bonjour, lakini mpe kipaza sauti uone.

Baba wa mtoto alikuja amevaa koti la rangi ya maziwa. Sijui koti kama lile linafuliwaje. Alimchukua binti yangu mikononi mwangu, akambusu, akampitisha meza kwa meza. Watu wakasimama kumsalimu mtoto. Nilimtazama na nitasema ukweli: alikuwa anampenda. Hilo ndilo lililonipandisha damu kichwani. Angekuwa mtu mbaya ningelala usingizi wangu.

"Jumatatu unakuja?" nilimwuliza alipopita karibu yangu.

"Tutaona. Kuko kazi, chantier moja mu Uccle, batu ya heshima. Siwezi kubaangusha."

"Na huyu unaweza kumwangusha?"

"Usianze hapa, tafadhali. Batu banatuangalia."

Bendi ikaanza ule wimbo. Mama mukubwa ndiye aliyeuagiza. Ukumbi wote ukajua kinachokuja, watu wakasogea katikati, na baba wa mtoto akampandisha mtoto mabegani akaenda mbele ya spika kungoja majina. Magitaa yakashika kasi. Noti za pesa zikaanza kubandikwa kwenye paji la uso la mpiga gitaa.

Sasa, desturi ya karamu ni hii: ukitaka jina litupwe, unamsogelea atalaku, anakuinamishia sikio huku anaendelea kucheza, unamnong'oneza, na yeye analipaza. Hafikiri. Hana nafasi ya kufikiri, mdundo haumsubiri. Linaloingia sikioni linatoka kinywani.

Nilimsogelea. Akainama. Alidhani mimi ni mteja.

"PDG wa Uccle," nikamwambia, "lundi, neuf heures, commune, anaenda kusaini mutoto wake."

Hata hakunitazama. Alinyanyuka, akavuta pumzi.

"PDG ya Uccle! PDG ya Uccle! Lundi! Neuf heures! Commune! Commune! Anasaini mutoto! Lundi!"

Na ngoma ikakubali. Sikupanga hilo, sijui muziki kiasi hicho, lakini maneno yalikaa juu ya mdundo kana kwamba yalitungwa Kinshasa. Upande wa madirisha ukajibu "Neuf heures!" Atalaku akasikia kwamba amepata kitu, na atalaku akipata kitu hakiachi. "Lundi!" "Neuf heures!" "Lundi!" "Neuf heures!" Mtu mmoja akaanza kucheza huku anaandika hewani kwa mkono wa kulia, kama anayetia saini, na ndani ya muda mfupi ukumbi mzima ulikuwa unatia saini hewani, wazee kwa vijana, wengine kwa leso, wengine kwa uma. Mama mukubwa alikuwa katikati yao, ameinama, kiuno kinazunguka, anatia saini kwa mikono miwili.

Kisha nikamwona anasimama. Alikuwa amesikia anachocheza.

Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata karibu na spika. Sikugeuza uso. Yeye ndiye aliyetuambia mezani kwa Papa kwamba mtu akitaja jambo mbele ya watu amelimaliza. Niliona hesabu inapita usoni mwake, na sitasahau: hakufurahi, lakini hakupinga. Akamgeukia mwana wa mdogo wake.

"Na weye, unasimama?" akamfokea juu ya muziki. "Banakuita! Saini!"

Baba wa mtoto alikuwa bado amembeba binti yangu mabegani. Meno yake yote yalikuwa nje, jasho linatiririka kwenye koti la maziwa. Akainua mkono akatia saini hewani. Watu wakashangilia kama ameingiza goli.

Jumatatu nilifika commune kabla ya wakati na niliwakuta wamenitangulia. Mama mukubwa, kitenge cha ubatizo, kilemba, na wale binamu wawili wenye simu mkononi.

"Tumekuja kushuhudia," akaniambia kwa ubaridi. "Si ulitaka commune? Njo hii."

Baba wa mtoto alikuja. Viatu safi, hana koti la maziwa. Ukoo wake ulikuwa umesimama mlangoni, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kupitia nyuma. Karatasi zote zilikuwa kamili kwa sababu nilizikusanya mimi. Mtumishi alikuwa msichana wa umri wangu, mpole, na tulikaa mbele ya kioo chake, mtoto magotini mwangu anavuta kamba ya kalamu.

Akamwuliza kama anakubali kwa hiari yake kumtambua mtoto huyu.

Akatazama huku na huku. Nadhani alikuwa anangoja gitaa. "Oui," akasema.

"Samahani bwana, sijakusikia."

Yule ambaye jina lake linapita Kin, Lubum na Paris alilazimika kusema oui mara ya pili, akiinamia kitundu cha kioo. Kisha akatia saini, ya kweli sasa, polepole, baada ya kulisoma jina la mtoto herufi kwa herufi. Hilo sikulitarajia. Nyuma yetu vigelegele vikalipuka, mlinzi akaja kuomba utulivu, na mama mukubwa akamwambia kwa Kiswahili kwamba na yeye Mungu ambariki.

Kule nje walipiga picha. Walimpokezana mtoto wangu kama kombe. Nilisimama pembeni na nilikuwa najaribu kufurahi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka: mahali pa baba si wazi tena. Lakini nilikuwa nimeomba aje kwa ajili ya mtoto, na alikuja kwa sababu dereva wa basi alipiga kelele kwenye ubatizo. Miezi mingapi nilimbembeleza kwa adabu, kwa simu, kwa machozi, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mtu? Haikuingia. Ilibidi ipitie kwenye spika.

Alinifuata mpaka kituo cha basi, amembeba mtoto.

"Sasa umefurahi?"

"Mtoto ana baba. Inatosha."

"Ule mwimbaji anarudi mu mwezi ya saba," akasema, na uso wake ukaanza kung'aa tena. "Nitamuambia aongeze: mutoto ya ma-papiers, ya makaratasi. Hein? Itakuwa bien."

Nilimchukua mtoto nikamfunga mgongoni.

"Alhamisi kuna chanjo," nikamwambia. "Saa nne. Utakuja mwenyewe, ao nitafute orchestre?"

Alicheka, akanipiga begani kama rafiki. Mimi sikuwa nacheka. Nilisimama namtazama, nikingoja jibu, mpaka basi likaja.